Jenereta moja, mita tatu, kila moja ina frikwensi yake: niamini ipi na hizi mita zinapimaje?

BarafuMbagala

Habari za jioni wakuu, mafundi umeme na wazoefu wa majenereta naombeni mnisaidie hapa maana kila fundi ninayemuuliza ananipa jibu lake.

Nina mashine ya barafu huku Mbagala, nawauzia wauza samaki, wengine wananunua hapa hapa wengine wanapeleka mpaka Feri. Umeme ukikatika nawasha jenereta la dizeli la mtumba toka Japani, fezi tatu, silinda nne. Sasa shida yangu ni frikwensi, yaani wimbi la umeme linajirudia mara ngapi kwa sekunde (Hz). Kwenye paneli ya jenereta lenyewe kuna mita ya kizamani haina mshale wala namba za kuwaka, ni kidirisha tu ndani kuna vijichuma vyembamba vimepangana kama meno ya kitana, vina ncha nyeupe na chini pameandikwa 45 mpaka 65. Injini ikishachanganya kijichuma kimoja kinatetemeka mpaka ncha yake inakuwa mstari mrefu mweupe, vingine vimetulia. Huwa kinatetemeka cha 52.

Afu kwenye bodi ya ukutani, pale baada ya cheinjiova (swichi ya kuhamisha kati ya TANESCO na jenereta), kuna mita ya mshale, yenyewe inaniambia 51. Juzi nimenunua multimita ya dijitali Kariakoo nikasema sasa nitapata ukweli, nimeiweka kwenye Hz inaandika 52, mara 104, mara 156, inarudi 52, inaruka tena. Hii inazidi pale shemeji anapowasha chaja lake kubwa anachajia watu betri za magari. Kwenye umeme wa TANESCO multimita hiyo hiyo inaandika 50.0 imetulia kabisa.

Kuna fundi kaniambia ile ya vijichuma ni ya kale niing'oe niweke ya dijitali. Ukweli mi nataka nielewe kwanza ndani zinafanyaje kazi ndo nijue ipi inadanganya. Na je hiyo 52 haiwezi kuniulia kompresa? Kompresa ndo roho ya biashara yangu.

mtoto_wa_tandika

Dada usijipe presha, mambo ya Hz ya nini, we angalia volti tu. Volti zikiwa sawa kwenye fezi zote tatu mashine inapiga kazi. Mi nina jenereta la petroli mwaka wa ngapi huu sijawahi kupima Hz na friji linaganda.

koili_moto

Dada Barafu karibu, mi nasuka mota hapa Gerezani, na hizo mita nazifungua mara kwa mara. Nianze na hiyo unayoambiwa uing'oe. USIING'OE.

Ukiifungua nyuma utakuta koili moja ya waya mwembamba imezungushiwa chuma, yaani sumaku ya umeme, inalishwa volti moja kwa moja toka kwenye jenereta. Mbele yake kuna vile vijichuma, vyote vimeshikwa upande mmoja na upande wa pili uko huru ndo ule wenye rangi nyeupe. Kila kijichuma kimetengenezwa kiwe na mtetemo wake, kwa urefu, unene, na uzito wa kitone cha risasi ya kulehemu kilichowekwa karibu na ncha. Kiwandani walikuwa wanakitega hivyo, ukiongeza risasi kidogo kinatetemeka taratibu zaidi, ukikwangua kinatetemeka haraka zaidi. Sasa umeme unapopita kwenye koili sumaku inavivuta vyote kwa pamoja kwa nguvu ile ile, lakini yule ambaye mtetemo wake wa asili unalingana na mvuto ndo anapokea, kila mvuto unamkuta anakwenda upande ule ule, mtetemo unajumlishana mpaka unauona kwa macho. Wenzake mvuto unawakuta wanarudi, unawapunguzia badala ya kuwaongezea, bas wanabaki wametulia.

Kuna kitu hapo watu wengi hawakijui. Umeme wa 50 Hz unapanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, lakini sumaku inavuta chuma wakati wimbi liko juu na inavuta tena wakati wimbi liko chini, chuma laini hakijali upande. Kwa hiyo kijichuma kinavutwa mara 100 kwa sekunde, na kile kilichoandikwa 50 kimetegwa kitetemeke mara 100. Cha 52 kimetegwa 104. (Zipo aina zenye sumaku ya kudumu ndani, hizo mvuto ni mara moja kwa kila wimbi, zinategwa tofauti.)

Uzuri wake mkubwa ni kwamba haidanganywi kirahisi. Volti zikishuka mtetemo unakuwa mfupi ila haendi kutetemeka jirani, jibu ni lile lile. Wimbi likiwa chafu lina miiba miiba haijali sana, kijichuma kinachukua kile kinachokifaa na kingine kinapita. Na ukiona wawili wanatetemeka sawasawa, mfano 51 na 52, ujue uko 51.5. Ubaya wake ni kwamba huwezi kusoma 51.37, na frikwensi ikibadilika ghafla inachukua muda kidogo mmoja atulie na mwingine apande.

Na ndo maana yako inaanzia 45 mpaka 65. Japani wana umeme wa aina mbili, Tokyo na mashariki yote 50 Hz, Osaka na magharibi 60 Hz, tangu miaka ya 1890 ambapo Tokyo walinunua mashine za Ujerumani na Osaka wakanunua za Marekani, mpaka leo hawajaifanya iwe moja. Kwa hiyo majenereta yao mengi yametengenezwa yafanye zote mbili na mita inabidi ionyeshe zote mbili.

Ya mshale nitarudi kuielezea, nina mteja hapa.

Mzee Dizeli

Kijana wa Tandika hapo juu, ushauri wako utamponza huyu dada. Volti peke yake haitoshi. Mimi nimekaa kwenye vyumba vya mitambo tangu ujana wangu na nimeona mota zimeungua huku voltimita inasoma vizuri kabisa.

Iko hivi. Mota na transfoma ndani zina chuma, na kile chuma kinabeba usumaku kulingana na volti ukigawa kwa frikwensi. Ukishusha frikwensi mpaka 43 au 44 huku volti umeiacha pale pale, usumaku unazidi uwezo wa chuma, chuma kinajaa, koili inavuta mkondo mkubwa wa bure na joto linapanda. Ndiyo maana AVR (kifaa kinachosawazisha volti za jenereta) nyingi za majenereta makubwa zimetengenezwa zishushe volti zenyewe frikwensi ikienda chini sana, si ubovu, ni kinga. Kwenye jenereta dogo la petroli lenye friji moja huwezi kuona haraka, kwenye kompresa ya fezi tatu utaona.

Juu je? 52 ni asilimia 4 juu ya 50. Mota itazunguka asilimia 4 haraka zaidi. Kwa feni na pampu za maji mzigo unapanda kwa kasi ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara tatu, yaani 1.04 × 1.04 × 1.04, unapata kama asilimia 12 na nusu zaidi. Si jambo la kuua leo, ila si la kuacha mwaka mzima. Lakini kabla hujashika chochote dada, nijibu: hiyo 52 unaisoma kompresa ikiwa inafanya kazi au ikiwa imezimwa?

Na nikupe kipimo ambacho hakihitaji mita ya umeme kabisa. Frikwensi ya jenereta ni mzunguko wa shafti, hakuna kingine. Jenereta lako la dizeli bila shaka ni la poli nne (ncha nne za sumaku), la poli nne linatoa 50 Hz likizunguka mara 1500 kwa dakika, na 60 likizunguka 1800. Likitoa 52 ni lazima liko 1560. Azima tachomita ya mwanga (kipima mizunguko ya shafti), bandika kipande cha karatasi ya kung'aa kwenye puli, pima, gawanya kwa 30. Umeme uwe mchafu uwe msafi, shafti haiwezi kuzunguka mara tatu ya hapo ikupe 156.

BarafuMbagala

Shikamoo mzee, asante sana. 52 ni kompresa ikiwa imezimwa, taa tu na chaja la shemeji. Ikiwaka sijawahi kwenda kuangalia maana huwa nipo bize na wateja. Kesho nitaangalia.

Mzee Dizeli

Marahaba mwanangu. Nilitegemea hivyo. Jenereta lenye gavana (kifaa kinachoshikilia kasi ya injini) ya kawaida ya mekanika linategwa juu kidogo likiwa halina mzigo, kwenye 52 hivi, ili likibebeshwa mzigo kamili likae 50. Ukiishusha iwe 50 bila mzigo, kompresa ikiingia utaenda 48. Angalia na mzigo ndipo tuzungumze.

dijitali_255

Naomba nichangie upande wa multimita, elektroniki ndo kitu nasomea.

Multimita ya dijitali haina vijichuma vya kutetemeka ndani, yenyewe inahesabu. Umeme ukiingia unapunguzwa na mnyororo wa risista mpaka volti ndogo, afu unapita kwenye saketi inayolinganisha, wimbi likiwa juu ya sifuri inatoa moja, likiwa chini inatoa sifuri. Pale inapobadilika toka sifuri kwenda moja ndo inasema hapa wimbi jipya limeanza. Kazi iliyobaki ni saa tu, na saa yenyewe ni kristali ya kwatzi.

Kuna njia mbili za kuhesabu. Ya kwanza ni kufungua geti kwa sekunde moja na kuhesabu mawimbi yaliyopita, 50 yakipita ni 50 Hz. Kwa frikwensi kubwa za redio ni njia nzuri ila kwa umeme wa nyumbani ni mbovu, maana unaweza kukosa au kuzidisha wimbi moja na hapo tayari umekosea 1 Hz nzima, kama unataka kuona 50.01 ingebidi usubiri sekunde 100. Kwa hiyo wanageuza: badala ya kuhesabu mawimbi wanapima wimbi moja limechukua muda gani. Wimbi la 50 Hz ni milisekunde 20. Ukiwa na saa ya ndani inayopiga mara milioni moja kwa sekunde, ndani ya wimbi moja utapata mapigo 20,000. Yakiwa 19,608 ni 51 Hz. Pigo moja likizidi au kupungua ni tofauti ya 0.0025 Hz tu. Ndo maana hata ya bei chee inakuandikia desimali ndani ya nusu sekunde, na kristali hata kama imekosea sehemu 100 kwa milioni kosa lake kwa 50 Hz ni 0.005, halionekani.

Sasa mbona inaruka? Angalia namba zako dada: 52, 104, 156. Ni 52 mara moja, mara mbili, mara tatu! Hiyo si bahati mbaya, mita inahesabu wimbi moja kama mawili au matatu. Chaja la shemeji kama ni yale ya zamani ndani lina thairista (swichi za kielektroniki), zile zinafungua katikati ya wimbi na kuvuta mkondo kwa ghafla, na jenereta lako si gridi, halina nguvu ya kukaza volti zisitetereke, kwa hiyo volti inaporomoka kwa muda mdogo sana afu inarudi. Unapata mkato kwenye wimbi. Mkato ukifika mpaka sifuri ile saketi inaona wimbi limekwisha na jipya limeanza, kumbe ni lile lile. Kwenye TANESCO chaja hilo hilo halitoshi kuchimba wimbi kiasi hicho, ndo maana unapata 50.0.

Zima chaja upime tena, nina hakika itatulia. Zipo multimita zenye kitufe cha chujio, kinakata kila kitu cha frikwensi ya juu kabla ya kuhesabu, hizo ndo mafundi wa mota zenye inveta (kifaa cha elektroniki kinachotengeneza umeme wa mawimbi) wanatumia, maana bila chujio zinakusomea frikwensi ya swichi za ndani ya inveta ambayo ni maelfu ya Hz badala ya ile inayozungusha mota.

Tahadhari moja ya maana: kabla ya kuweka Hz kwenye fezi soma kwanza kwenye mita na kwenye karatasi yake sehemu ya Hz inaruhusiwa volti ngapi. Kuna za bei chee sehemu hiyo ni ya volti ndogo tu, ukiichomeka kwenye 230 inaungua, na mkono wako uko hapo.

koili_moto

Dogo umeeleza vizuri. Nimerudi kwa ajili ya mshale.

Hiyo ndani ina koili mbili zimekaa msalaba, moja imeungwa na risista nyingine imeungwa na indakta, na katikati kuna kipande cha chuma laini kimebeba mshale. Risista haijali frikwensi, mkondo wake ni ule ule. Indakta inajali, frikwensi ikipanda inabana zaidi, mkondo wa upande wake unapungua. Kwa hiyo zile koili mbili zinavutana, frikwensi ikipanda upande wa risista unashinda mshale unaenda huku, ikishuka upande wa indakta unashinda mshale unaenda kule. Volti zikipanda zinaongeza pande zote mbili sawa, kwa hiyo mshale hausogei kwa sababu ya volti. Nyingi za aina hiyo hazina springi ya kurudisha mshale, umeme ukizimwa mshale unabaki popote, watu wanadhani mita imekufa.

Udhaifu wake ni vile vipuri. Indakta ikipata joto miaka mingi au mtu akibadilisha risista bila kupima, mita yote inahama upande mmoja. Kuijua ni rahisi, dada, si umesema ipo baada ya cheinjiova? Umeme wa TANESCO ukiwepo isome. Gridi ni moja, Dar na Mwanza sekunde hii hii wana frikwensi moja na multimita yako imeshakwambia ni 50.0. Mshale unasema ngapi?

BarafuMbagala

Wakuu nimepima, nawaletea majibu.

Mshale kwenye TANESCO unasema 49. Kwahiyo inapunguza moja, na kwenye jenereta inaponiambia 51 ni 52!

Nimewasha jenereta bila chaja, multimita imetulia 52.1. Shemeji kawasha chaja, ikaanza 104. Kazima, ikarudi. Dijitali ubarikiwe sana.

Kompresa imeingia, kijichuma cha 52 kikapungua, cha 51 kikapanda kidogo, mwisho kikawa kinatetemeka sana cha 50 na cha 51 kidogo. Multimita 50.3. Nilikaa pale nikaangalia vile vinavyopokezana mpaka mteja akaniita mara mbili sikusikia. Tachomita sijapata ya kuazima.

dijitali_255

Safi sana. Kama huna tachomita tumia simu, kuna programu za bure zinazochora sauti na kukuandikia frikwensi yake. Injini yako ni silinda nne, kila mzunguko wa shafti silinda mbili zinalipuka, kwa hiyo shafti ikizunguka mara 26 kwa sekunde, yaani 1560 kwa dakika, milipuko ni 52 kwa sekunde. Kwa poli nne na silinda nne muungurumo wa injini na umeme ni namba moja. Maikrofoni ya simu ni dhaifu kwenye sauti nzito hivyo huenda ukaona mstari mkubwa kwenye 104, gawa kwa mbili. Kwenye umeme wa TANESCO isogeze simu karibu na transfoma yoyote inayovuma utaona 100, sababu ni ile ile aliyosema koili_moto, chuma kinavutwa mara mbili kwa wimbi.

Mzee Dizeli

52 bila mzigo, 50.3 na mzigo. Gavana iko vizuri, asije fundi akakuzungushia ile skrubu ati arekebishe 52. Hiyo ya mshale mbandikie karatasi pembeni, ongeza 1, mpaka upate mtu wa kuitega upya. Na chaja lihamie kwenye umeme wa TANESCO, mikato ile haichanganyi mita tu, AVR nayo inasoma wimbi hilo hilo.

mtoto_wa_tandika

Mzee nimekusoma, nami nitapima la kwangu. Sasa niulize, inveta yangu ya sola multimita inasoma 50.00 haitikisiki hata kidogo, ila feni ya dari inanguruma na inapata moto. Hapo frikwensi si ipo sawa?

dijitali_255

Frikwensi ipo sawa kabisa mkuu, hiyo inveta inategwa na kristali ndo maana haitikisiki. Lakini mita ya frikwensi inakwambia wimbi linarudi mara ngapi tu, haikwambii limekaaje. Inveta nyingi za bei nafuu hazitoi wimbi laini kama la jenereta, zinatoa ngazi: juu, sifuri, chini, sifuri. Inatoka sifuri kwenda juu mara 50 safi kwa sekunde kwa hiyo mita inaridhika, ila ndani ya zile ngazi kuna 150, 250, 350 Hz na kuendelea, hizo haziizungushi feni yako ipasavyo, zinaitetemesha na kuipasha moto. Angalia kwenye kibandiko cha inveta kama imeandikwa ni ya wimbi kamili la saini (pure sine wave). Kama haijaandikwa, taa na chaja za simu weka huko, feni itafutie inveta nyingine.